Siku Nilipofuta Vyumba 14 Nikafuta na Watu 41

Ilikuwa Novemba, saa mbili usiku. Mhazini wa mfuko wetu wa kufa na kuzikana pale bwenini aligonga mlango wangu, hakusubiri hata nimwambie karibu. Nyuma yake alisimama kijana wa ghorofa ya tatu, begi mkononi, macho mekundu. Baba yake alikuwa amefariki mchana ule huko Sumbawanga, na basi lilikuwa linaondoka alfajiri. Mhazini akaniuliza swali moja tu: "Kaka, huyu mbona kwenye kompyuta yako hayumo?"

Nikafungua laptopu. Nikaandika namba yake ya usajili, hakuna kitu. Nikatafuta kwa jina, hakuna kitu. Nikamtafuta mwenzake wa chumba, naye hayumo, na huyo ni mtu ambaye mhazini alimfuata kila mwezi kumdai mchango na kila mwezi alilipa.

Katiba ya mfuko wetu inasema rambirambi na nauli vinatolewa kwa mwanachama aliyechangia miezi sita, na kwamba uthibitisho ni kumbukumbu za mfuko. Mtunza kumbukumbu nilikuwa mimi. "Mimi nimelipa toka mwaka wa kwanza," yule kijana akasema, taratibu kabisa, wala hakugomba. Angegomba ningepata pa kujitetea.

Usiku ule tulipita mlango kwa mlango tukichangisha, tukapata nauli na kitu kidogo juu. Rambirambi yake kamili tuliituma siku nne baadaye, baba ameshazikwa.

Naandika makala hii kwa sababu kila muhula naona wenzangu wanatengeneza mifumo midogo kama ule wangu: wa kikundi cha kuweka na kukopa, wa kwaya, wa timu, wa orodha ya darasa. Wengi wanasoma kozi ya kanzidata ili wavuke mtihani wasipate sapu, halafu wanaenda kushika pesa za watu kwa ujuzi huohuo. Nami ndivyo nilivyofanya. Kwa hiyo nitaeleza nilichokosea, na nitakieleza kuanzia chini, ili hata wewe wa sheria au wa ualimu uelewe.

Mfuko wetu ulianza na kaunta buku. Baadaye mhazini mmoja akauhamishia kwenye Excel, na hapo ndipo vurugu ilipoanza. Kila mchango ulikuwa mstari mmoja wenye jina, chumba, simu na kiasi. Mtu akichangia mara nane, jina lake linaandikwa mara nane, na siku nane mwandishi hayuko makini kwa kiwango kimoja. Tulikuwa na Mohamed, Mohammed na Muhamedi, wote mtu mmoja. Namba za simu zilipoteza sifuri ya mwanzo kwa sababu Excel iliona ni hesabu, na kwenye hesabu sifuri ya mbele haina kazi. Mtu akihama chumba, michango yake ya zamani inabaki chumba cha zamani, na ukijumlisha kwa chumba unapata hadithi nyingine kabisa.

Dawa ya ugonjwa huo ni ya siku nyingi. Mwaka 1970 E. F. Codd, mwanahisabati Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko San Jose, California, alichapisha makala iliyopendekeza data ipangwe katika majedwali ya kawaida, na kinachounganisha jedwali moja na jingine kiwe ni thamani zilizoandikwa ndani ya majedwali yenyewe. Kabla ya hapo programu ilipaswa kujua njia ya kupita ndani ya hifadhi ili itoke kwenye kumbukumbu hii ifike kwenye ile, na mpangilio wa hifadhi ukibadilika programu inapotea njia. Mwaka 1981 Codd alipewa Tuzo ya Turing. MySQL unayofundishwa leo, PostgreSQL, SQLite iliyomo ndani ya simu yako, zote ni wajukuu wa wazo hilo.

Kwa mfuko wetu, wazo hilo lilimaanisha majedwali manne. La vyumba, la wanachama, la michango, na la malipo ya rambirambi. Mohamed anaandikwa mara moja tu, kwenye jedwali la wanachama, na anapewa namba, tuseme 57. Namba hiyo ndiyo ufunguo mkuu wa mstari wake: haijirudii, na haikosekani. Mchango wake hauandiki jina wala simu. Unaandika tu kwamba umetolewa na mwanachama 57, tarehe fulani, shilingi 2,000. Ile 57 iliyokaa ndani ya jedwali la michango tunaiita ufunguo wa kigeni, kwa kuwa kwao ni jedwali jingine.

Hapa naomba usome polepole, maana wengi tunapita haraka. Kuandika 57 kwenye mchango si uhusiano. Ni namba tu, kama namba nyingine. Uhusiano unaanza pale unapoiambia kanzidata kwamba safu hii inarejea wanachama, na usikubali humu namba ambayo kule haipo. Ukishasema hivyo, kanzidata inakuwa mlinzi. Ukijaribu kuingiza mchango wa mwanachama 900 wakati hayupo, MySQL inakurudishia kosa namba 1452. Ukijaribu kumfuta mwanachama 57 wakati michango yake ipo, inakupiga na 1451. Jedwali linalorejewa huitwa mzazi, linalorejea huitwa mtoto, na kazi yote ya mlinzi ni kuhakikisha hakuna mtoto anayebaki yatima. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kinachoitwa uadilifu wa data.

Sasa mimi, mwaka wa pili, kichwa kimejaa, mlinzi huyo alinichosha. Kila nikijaribu mfumo, nikiingiza watu wa uongo na kuwafuta, napigwa 1451. Nikaingia mtandaoni, nikakuta mtu amejibu swali kama langu: weka ON DELETE CASCADE, tatizo litaisha. Nikaweka kila mahali. Na kweli, liliisha.

CASCADE maana yake ni kwamba ukimfuta mzazi, watoto nao wafutwe, na wajukuu, mpaka mwisho wa ukoo. Wanachama wangu walikuwa watoto wa vyumba, kwa kuwa kila mwanachama ana chumba. Michango ilikuwa watoto wa wanachama. Likizo ndefu ilipofika ghorofa ya tatu ikapakwa rangi na vyumba vikapewa namba mpya. Ningeweza kubadilisha namba kwa amri moja ya UPDATE. Lakini nilikuwa nyumbani, bando linaisha, nikaona rahisi nifute vyumba 14 vya zamani kisha niingize 14 vipya. Kanzidata ikanijibu kwa utulivu kwamba mistari 14 imeathirika. Nikafunga laptopu nikaenda kula.

Haikuniambia kuhusu watu 41, wala kuhusu michango yao 300 na ushee. Hesabu inayokurudia baada ya kufuta ni ya mistari ya jedwali ulilolitaja tu. Waliokwenda kwa kufuatana hawahesabiwi. Na usidhani sikuwa na tahadhari. Nilikuwa nimetengeneza kichocheo, yaani amri inayojiendesha yenyewe kila mwanachama anapofutwa na kuandika jina lake kwenye jedwali la kumbukumbu. Jedwali hilo nililikuta tupu, jeupe. Katika toleo la MySQL nililotumia, ufutaji unaotokana na CASCADE hauamshi vichocheo. Imeandikwa wazi kwenye mwongozo wake. Niliisoma sentensi hiyo Desemba.

Kwa hiyo kosa halikuwa kwamba mashine ilivunjika. Mashine ilitii. Mimi niliiambia, kwa lugha yake, kwamba chumba kikiondoka binadamu aliyemo naye aondoke, na kwamba binadamu akiondoka pesa alizotoa zihesabike hazikutolewa. Ukiyasema maneno hayo kwa Kiswahili mbele ya mwenyekiti wa mfuko atakufukuza. Ukiyaandika kwa SQL hakuna anayeshtuka.

Siku hizi nikichora uhusiano wowote, najiuliza swali moja kabla sijaandika amri: mzazi akiondoka, mtoto bado ana maana? Namba za simu za mwanachama hazina maana bila mwanachama, kwa hiyo jedwali la simu nimeliwekea CASCADE bila wasiwasi. Mistari ya risiti ambayo bado ni rasimu nayo haina maana bila risiti yake. Lakini mchango ni tukio lililotokea. Mtoaji akihitimu, akihama chuo, akidisko, shilingi 2,000 aliyotoa Machi ilitolewa Machi. Hapo panafaa RESTRICT, yaani kataa kabisa kumfuta mtu mwenye michango. Na kwa chumba panafaa SET NULL: chumba kikifutwa, mwanachama abaki, ila sehemu ya chumba iachwe wazi.

SET NULL nayo ina mtego wake. NULL maana yake ni kwamba hapa hapajaandikwa kitu, na kanzidata haijui kwa nini hapajaandikwa. Hana chumba? Anacho ila hatukijui? Alihamishwa jana? Yote hayo yanaonekana namna moja. Tena ufunguo wa kigeni wenye NULL unapita mbele ya mlinzi bila kuulizwa, kwa kuwa hakuna namba ya kukagua. Ukiacha safu ya mwanachama kwenye michango ikubali NULL, utaamka siku moja na michango isiyo na mwenyewe, na mlinzi atakuambia yeye hakuona mtu akivunja sheria. Safu ya mchangiaji lazima iwe NOT NULL. Ya chumba inaweza kuwa wazi.

Nilipomweleza rafiki yangu mmoja aliyetengeneza mfumo kama huu kwa bweni jingine, alinicheka kidogo. Akasema yeye hana shida hizo, ameweka funguo zote za kigeni kama kitabu kinavyotaka, bila CASCADE hata moja, na toka aanze hajawahi kuona kosa. Nikamwuliza anatumia nini. SQLite. Nikamwuliza kama ameandika PRAGMA foreign_keys = ON kila programu inapofungua kanzidata. Kimya. Kwa kawaida SQLite inakubali uandike ufunguo wa kigeni, inautunza kwenye maelezo ya jedwali, lakini haiukagui mpaka uiamuru, na amri hiyo inabidi itolewe kila mara unapounganisha upya. Si yeye peke yake. MySQL yenyewe ilikuwa hivyo zamani: majedwali ya aina ya MyISAM yanapokea tamko la ufunguo wa kigeni na kulipuuza, na ni kuanzia toleo la 5.5 ndipo InnoDB, inayolikagua, ikawa chaguo la kawaida. Kanzidata ambayo haijawahi kukukatalia kitu, ichunguze.

Tukaketi naye tukaandika swali hili, ambalo nakuomba ulijaribu leo kwenye mfumo wako wowote:

SELECT m.id FROM michango m
LEFT JOIN wanachama w ON w.id = m.mwanachama_id
WHERE w.id IS NULL;

Linasema: chukua kila mchango, mtafute mwanachama wake, halafu nionyeshe ile ambayo mwanachama wake hakupatikana. Jibu zuri ni kutopata mstari hata mmoja. Yeye alipata 23. Hakucheka tena. Wengi walikuwa watu waliohitimu akawafuta "kupunguza uzito". Yatima wa namna hii ni wabaya kwa namna ya pekee, kwa sababu jumla ya pesa inabaki sahihi. Mfuko unasoma milioni fulani, na benki inasoma hivyohivyo. Ila ukiuliza ni za nani, zile 23 hazina mwenyewe. Mkaguzi akija akatazama jumla tu, anakupa hongera.

Kuna hoja moja naisikia sana darasani, na ina watetezi wenye akili: kwamba sheria hizi ziachiwe programu. Fomu ikague kama mwanachama yupo, kanzidata ihifadhi tu. Siipuuzi hoja hiyo. Fomu inayokagua mapema inamsaidia mtumiaji, inampa ujumbe unaoeleweka badala ya 1452. Lakini data haiingii kwa mlango wa fomu peke yake. Mhazini wetu alikuwa na nywila ya phpMyAdmin na usiku wa siku ya bumu, watu wanalipa kwa fujo, alikuwa anaingiza moja kwa moja huko. Mwenyekiti alileta faili la Excel tukaliingiza kwa mkupuo. Hiyo ni milango mitatu, na mlinzi amesimama kwenye mmoja. Tena hata mlango ukiwa mmoja kuna suala la muda: programu inakagua kwamba mwanachama yupo, kabla haijaandika mchango mtu mwingine anamfuta, kisha mchango unaandikwa. Kanzidata yenyewe hufunga mstari wa mzazi wakati wa ukaguzi, kwa hiyo nafasi hiyo haipo. Programu ya mwanafunzi wa mwaka wa pili haifanyi hivyo, nakuhakikishia, nimeandika kadhaa.

Jambo lililonifundisha zaidi lakini si hili la ufundi. Ni kubebana.

Msomaji wa magazeti haya hahitaji kuelezwa kubebana ni nini. Kitanda ni cha mmoja kwenye karatasi, wanalala wawili. Nilipochora mfumo wa kwanza niliandika kwamba kila mwanachama lazima awe na chumba, na chumba kina vitanda vinne, basi. Walipokuja waliobebwa, ambao nao wanachangia na nao wanafiwa kama wengine, mfumo ukawakataa. Nilifanya nini? Nikatengeneza chumba cha uongo namba 999 nikawatia wote humo. Kwenye orodha ikaonekana tuna chumba chenye watu 19.

Hapo sheria yangu ilifanya kazi vizuri kabisa, na data ikawa ya uongo. Maana uadilifu si ukali. Unaweza kuweka masharti makali mpaka watu wakalazimika kudanganya ili wapite, na kila mstari ukapita ukaguzi. Kitu cha kujiuliza kabla ya kufunga mlango ni: jedwali hili linasimulia dunia ya nani? Jedwali la ofisi ya malazi linasimulia nani amepangiwa kitanda kipi, na huko ni haki kusema kitanda kimoja mtu mmoja. Jedwali la mfuko wa kuzikana linasimulia nani ni mwenzetu. Mwenzetu anaweza asiwe na kitanda.

Suluhisho lilikuwa kutenganisha mtu na mahali. Chumba sasa hakikai tena ndani ya jedwali la wanachama. Kuna jedwali la tano, nimeliita ukaaji, na kila mstari wake una funguo mbili za kigeni, moja ya mwanachama na moja ya chumba, pamoja na tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Mtu mmoja anaweza kuwa na mistari mingi, kwa kuwa anahama. Chumba kimoja kinaweza kuwa na mistari mingi, kwa kuwa watu wanapokezana, na wanabebana. Ndiyo namna ya kuunganisha wengi kwa wengi: huwezi kuibana kwenye safu moja ya jedwali moja wala la pili, unahitaji jedwali la kati. Asiye na mstari kwenye ukaaji hana chumba kwa sasa, basi, na haturuhusu tena uongo wa 999. Tena hata ile SET NULL haikuhitajika tena. Chumba kikibadilishwa namba nabadilisha namba. Kikivunjwa, natia tarehe ya mwisho.

Hiyo tarehe ya mwisho nimeiiba kwenye kaunta buku. Wazee wa mahesabu hawafuti. Wakikosea wanapiga mstari mmoja wa kalamu juu ya kosa, linabaki linasomeka, wanaandika sahihi chini na kutia saini. Nilipohamisha kumbukumbu kwenye kompyuta nilidhani napiga hatua, kumbe nilitupa tabia bora ya daftari. Siku hizi mwanachama akihitimu hatumfuti. Tunaandika tarehe aliyotoka, na orodha ya walio hai kwenye mfuko inachukua wale ambao sehemu hiyo iko wazi. Kuna gharama: ukisahau kuweka sharti hilo kwenye swali lako, utawahesabu wahitimu. Mimi nimesahau mara mbili. Ni kosa la aibu, lakini ni la kurekebisha swali, data ipo.

Mengine nayapitisha haraka. Namba ya usajili ya chuo usiifanye ufunguo mkuu. Ipe mfumo namba yako mwenyewe isiyo na maana, na namba ya usajili iwekee UNIQUE, kwa sababu ofisi inaweza kusahihisha namba ya mtu na hutaki kuirekebisha kwenye michango 300. Simu ni maandishi, si hesabu. Shilingi ni namba kamili, usitumie aina ya desimali inayoelea, itakupotezea senti usizojua zimekwenda wapi. Namba ya muamala wa M-Pesa au wa mtandao wowote iwekee UNIQUE, maana meseji moja huingizwa na mhazini asubuhi na katibu jioni, na mtu anaonekana kalipa mara mbili. Kiasi kiwekee CHECK kwamba kimezidi sifuri, ila hakikisha MySQL yako ni 8.0.16 au zaidi. Kabla ya toleo hilo CHECK ilipokelewa na kupuuzwa, tabia ileile ya kumwitikia mgeni huku humsikilizi.

Na kabla ya kufuta au kubadilisha chochote kwa mkupuo, andika START TRANSACTION. Fanya kazi yako, kisha hesabu. Wanachama walikuwa wangapi, sasa ni wangapi? Michango je? Zikilingana na ulichokusudia, COMMIT. Zisipolingana, ROLLBACK, na kila kitu kinarudi kama hujagusa. Bila kuandika hivyo MySQL inakamilisha kila amri papo hapo, na hakuna kurudi. Mimi siku ile ningehesabu wanachama ningeona pengo la 41 hapohapo, sekunde tatu za kazi.

Kuwarudisha watu 41 kulituchukua wiki tatu. Tulikuwa na faili la Excel la Januari, likatupa majina mengi. Wengine tuliwapata kwa kupita chumba kwa chumba na daftari, tukiuliza nani alikuwa hapa mwaka jana. Michango ya Februari hadi Juni ilikuwa kwenye simu ya mhazini, meseji moja baada ya nyingine, yeye anasoma mimi naandika, na ikabidi aombe taarifa ya miamala kwa miezi ambayo meseji zilikuwa zimefutika. Waliolipa mkononi ndio walitushinda. Mchango tisa haikuwa na meseji wala risiti, ni maneno ya mtu tu.

Kamati ilikaa. Wengine walisema isiandikwe kwa kuwa haina ushahidi, na kwamba tukifungua mlango huo kesho kila mtu atakumbuka alilipa. Mwenyekiti akasema aliyepoteza ushahidi ni mfuko, si wao. Ikaandikwa. Nilikataa lakini iandikwe kama mingine, kwa sababu si kama mingine, nikaongeza safu kwenye jedwali la michango inayoitwa chanzo, NOT NULL, yenye CHECK inayokubali maneno matatu tu: muamala, risiti, mdomo. Mistari tisa inasoma mdomo. Mmoja wapo ni wa Aprili, wa yule kijana wa Sumbawanga.